Rangi ya nywele yaweza kukugeuka ghafla

SI ajabu mtu kutumia rangi ya nywele kwa miaka bila tatizo, kisha siku moja kichwa kikaanza kumwasha, uso ukavimba na ngozi ikatoka malengelenge. Wengi hudhani wameuziwa rangi mbovu. Mara nyingi rangi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwili.

Rangi nyingi nyeusi huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, au PPD kwa ufupi. Chembe zake ni ndogo sana, hivyo hupenya ngozi na kushikamana na protini. Kinga ya mwili huiona protini hiyo kama adui na kuunda seli za kupambana nayo. Wakati huo mtu hahisi lolote. Anapoigusa tena PPD, seli hizo huamka, na baada ya siku moja hadi tatu upele hutokea. Huo ndio mzio, na kwa kawaida hudumu maishani.

Maabara hujuaje mapema kwamba kemikali ina hatari hii? Kwa miaka mingi wanyama ndio waliotumiwa. Panya hupakwa kemikali masikioni siku tatu mfululizo, kisha tezi za karibu huchunguzwa kuona kama seli zimeongezeka.

Siku hizi kuna njia isiyohitaji mnyama. Kwanza, kemikali huchanganywa na vipande vya protini kwa saa 24 kuona kama itavinasa. Pili, hujaribiwa kwa seli za ngozi ya binadamu zilizokuzwa maabarani. Tatu, kwa seli zinazofanana na zile za kinga. Vipimo viwili vikikubaliana, hilo ndilo jibu. Shirika la OECD liliidhinisha utaratibu huu mwaka 2021.

Lakini maabara hupima kemikali, haipimi kiasi utakachojipaka. Umoja wa Ulaya huruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele, wala hairuhusu kuchorea ngozi. Piko ya kuchora maua mikononi mara nyingi ni rangi hiyo hiyo ya nywele, nayo huachwa juu ya ngozi bila yeyote kujua nguvu yake.

Kwa hivyo, soma maandishi kwenye pakiti. Ukishawahi kuwashwa, usijaribu tena. Mwone daktari wa ngozi, ambaye aweza kukubandika kemikali kidogo mgongoni kwa siku mbili ili kuthibitisha. Na wapendao maua watumie hina halisi. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, si nyeusi.