Kwa Nini Tuliliacha Gari Tukasimama Nyuma ya Kingo za Chuma

Si ada yangu kujibu kila neno lisemwalo katika kundi la ukoo wetu, ambalo kwa fadhila ya simu za siku hizi limetukusanya sote, wa Tanga, wa Maskati na sisi tuliotupwa huku Ujerumani. Lakini maneno yaliyosemwa juu yetu baada ya gari kutuharibikia njiani yalikuwa mazito, na yalitoka katika vinywa vya watu ninaowapenda na kuwastahi, kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuyajibu kwa urefu na kwa utaratibu. Mume wangu alituma picha moja tu, ambamo mimi na watoto tumeketi katika majani ng'ambo ya kingo za chuma, tumevaa vizibao vya manjano, na nyuma yetu, kwa mbali, laonekana lile gari-nyumba tulilolikodi likiwa limewasha taa zake za hazadi. Mjomba wetu, ambaye amekuwa fundi wa magari Ngamiani, Tanga, tangu kabla sijazaliwa, alituma sauti akasema kwamba mpira wa rejeta ni kitu cha kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na safari ikaendelea, na kwamba mwanamume asiyethubutu kufunua boneti yake mwenyewe hana sababu ya kupakia watoto garini. Shangazi naye akaongeza kuwa tulivyokaa pale tulikuwa kama watu wanaongojea kugawiwa posho. Nilimpigia mjomba, nikamwamkia, akaniitikia, wala sikumbishia. Haya ninayoandika ndiyo majibu yangu.

Sisi twakaa Pforzheim, na tulikuwa twaelekea kusini kwenye milima ya Allgäu, kwa barabara kuu ya A8 ipitayo Stuttgart kwenda Ulm na Munich. Ukishapita Stuttgart, hapo Mühlhausen, barabara hiyo huanza kuukwea ukingo wa milima ya Schwäbische Alb kwa njia ya zamani, yenye nafasi ya magari mawili tu sambamba na isiyo na ukingo wa dharura wa kusimamia mwenye shida. Na gari-nyumba, ambalo uzito wake pamoja na maji, mitungi ya gesi, vitanda na vyombo hukaribia tani tatu na nusu, hupanda kwa taabu. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kuinuka. Mume wangu akazima kiyoyozi na kufungulia hita kwa nguvu zake zote, jambo alilofundishwa na mjomba mwenyewe, nasi tukaoga jasho mpaka tukafika juu, ambako barabara hupanuka na ukingo wa dharura hurejea. Tukiwa hatujafika Merklingen, mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti, na humo ndani ikaingia ile harufu tamu ya dawa ya rejeta iliyomwagikia chuma cha moto. Basi tukasimama.

Tuliyoyafanya baada ya hapo ndiyo yaliyotuletea lawama, na hayo hayakuwa woga bali ni taratibu ambayo kila dereva wa nchi hii hufunzwa na kutahiniwa kabla hajapewa leseni. Huwashwa kwanza taa za hazadi. Kisha watu huvaa vizibao ving'aavu wakiwa bado wamo ndani. Kisha hushuka kwa mlango wa kulia, ulio mbali na magari yapitayo, na kuvuka kingo za chuma, watoto wakitangulizwa. Na mmoja wao hurudi nyuma, akiikunjua mbele yake pembetatu nyekundu ya hadhari ili waionao wamwone na yeye, akaiweke mbali kiasi cha mita 150 au zaidi. Pembetatu hiyo ni faradhi kuwa nayo garini, na kizibao kimefaradhishwa tangu tarehe 1 Julai 2014, ijapokuwa sheria hutaka kimoja tu kwa gari zima, na vile vingine vitatu mlivyoviona pichani mimi mwenyewe nilivinunua.

Nawaomba wale waliocheka wazingatie hesabu ifuatayo. Katika sehemu nyingi za barabara kuu za Ujerumani hakuna ukomo wa mwendo kwa magari madogo. Uliopo ni ushauri tu, kwamba mtu asipite kilomita 130 kwa saa, na wengi hupita. Gari liendalo mwendo huo hukata mita 36 kwa sekunde moja, maana yake ni kwamba mtu akiinamisha kichwa kutazama simu kwa sekunde tatu amekwenda zaidi ya mita 100 asizoziona. Kila lori lilipotupita, lile gari-nyumba letu, pamoja na uzito wake wote, lilitikisika kama jahazi lililopigwa ubavuni. Katika hali hiyo, atakayefunua boneti na kuinama, huku mgongo wake ukiwa hatua mbili kutoka kwenye magari, anayahatarisha maisha ambayo wanawe wanayategemea, wala ufundi wake hauwezi kumkinga na dereva asiyemwona.

Na hata tungekuwa mahali pa salama, mjomba ajua kuliko mimi kwamba maji ya rejeta hufungiwa kwa shinikizo ili yasichemke hata yakipita nyuzi 100, na kwamba anayefungua kifuniko injini ikiwa bado moto hurukiwa na mvuke usoni. Fundi alipokuja baadaye alimulika kwa tochi, akaupitisha ukucha wake juu ya mpira ule taratibu, na kutuonyesha ulipochanika: si pale kwenye kibano, ambapo angeweza kuukata na kuufunga tena, bali ubavuni, kwa urefu wa shibiri nzima, na kingo za mchaniko zimelainika na kuvimba kama zilizoloweshwa mafuta. Mpira wa namna hiyo haufungwi kwa tyubu ukapandishwa milima na watu wanne ndani.

Tena nchi hii haimwachi mtu akahangaika. Kando ya barabara kuu husimama vijiti vyeupe, kimoja kila mita 50, na juu ya kila kimoja pana mshale mdogo mweusi uelekezao upande ilipo simu ya dharura iliyo karibu zaidi, na simu hizo, za rangi ya machungwa, zimewekwa takriban kila kilomita mbili. Chama kikubwa cha wenye magari, ADAC, kilichoasisiwa Stuttgart mwaka 1903 kikiwa jumuiya ya waendesha pikipiki na kupewa jina lake la sasa mwaka 1911, kina wanachama zaidi ya milioni 20 katika nchi ya watu wasiofika milioni 85, na tangu mwaka 1954 mafundi wake huzunguka barabarani kuwanusuru waliokwama, kwa magari ya manjano ambayo yamewapatia jina la Malaika wa Manjano. Sheria nayo imeingia katika kila kipengele: kusimama katika barabara kuu bila ya dharura ni kosa, na aliyeishiwa na mafuta aweza kutozwa faini kwa hoja kwamba msafiri mwenye hadhari huangalia tangi lake, na gari bovu linalovutwa kwa kamba lazima litoke kwenye njia ya kwanza ya kutokea, magari yote mawili yakiwa yamewasha hazadi.

Sasa na sisi tujitazame. Yale matawi ya miti tunayoyaweka barabarani gari likiharibika sote twayajua, na wema wa watu wanaokuja kusukuma gari mpaka liwake siukanushi hata chembe. Lakini nani katika ukoo wetu asiyekumbuka msiba uliotokana na lori lililoachwa gizani bila taa wala alama, katika barabara ambayo kila mtu alijua kuwa ni ya hatari? Twasema ni kudura, na kudura ni haki. Ila kudura haikumkataza mtu kuwa na pembetatu ya plastiki ambayo bei yake si kubwa. Laiti kejeli mlizozitumia juu ya vizibao vyetu mngezielekeza kwa wenye malori yale, faida yake ingekuwa kubwa.

Katika kungoja kule, watoto walinifundisha mambo ambayo mimi sikuwa nikiyajua vizuri. Binti yangu, aliye darasa la tatu, ndiye aliyeutambua ule mshale mdogo katika kijiti, akataka tutembee mpaka kwenye simu ya machungwa ingawa simu tulikuwa nazo mfukoni, na nilipomkatalia akanieleza kwa utulivu kwamba simu ya barabarani humjulisha anayepokea mahali hasa ulipo, ilhali mtu mwenye hofu aweza kutaja kituo kisichokuwa chake. Mdogo wake, ambaye kizibao chake kilimfika magotini, alianza kuwakaripia kwa mbali madereva waliopunguza mwendo bila kuacha uchochoro. Msongamano ukitokea katika barabara kuu ya hapa, magari ya njia ya kushoto kabisa huegemea kushoto na mengine yote huegemea kulia, ili katikati ipatikane nafasi ya gari la wagonjwa, na nafasi hiyo hufanywa kabla gari la wagonjwa halijaonekana. Mtoto wa miaka sita aliyajua hayo, akanionyesha kwa viganja vyake namna magari yanavyojitenga.

Ndipo binti yangu akaleta habari ya Bertha Benz, ambaye watoto wa Pforzheim humjua kama watoto wa Tanga wamjuavyo Shaaban Robert, kwa kuwa hapa ndipo kwao alipozaliwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1888 bibi huyo aliondoka Mannheim bila kumwarifu mumewe, Carl, akalichukua gari lenye magurudumu matatu ambalo mume alilibuni na ambalo watu hawakuliamini, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wa miaka 15 na 13, akasafiri zaidi ya kilomita 100 mpaka kwa mama yake Pforzheim. Njiani mafuta yalipopungua alinunua ligroini katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipolika alimwendea mshona viatu akamgongomelea ngozi. "Mama," akaniuliza binti yangu, "mbona yeye alitengeneza mwenyewe?" Nikamjibu kwamba katika barabara yake hapakuwa na gari jingine hata moja, na lililoweza kumpita lilikuwa mkokoteni wa farasi. Akafikiri, akakubali, kisha akauliza kwa nini hadithi haisemi wale wavulana walikula nini, na swali hilo likatushughulisha mpaka lori la kutubeba likafika.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na gereji tuliyopelekwa ilikuwa inafunga. Kwa watu wa hapa Jumapili ni siku ya mapumziko iliyolindwa na katiba yenyewe, kwa kifungu kilichoandikwa mwaka 1919 na kuingizwa katika katiba ya mwaka 1949 pasipo kubadilishwa; maduka hufungwa, malori makubwa huzuiliwa barabarani, na mpira wa rejeta hauuzwi. Tukaambiwa tungoje hadi Jumatatu, tukapewa ruhusa ya kulala uani, kati ya matairi makuukuu na gari la zimamoto la kijiji lililoletwa kupakwa rangi.

Mimi nilihuzunika kwa ajili ya milima ya Allgäu, lakini watoto hawakuhuzunika hata kidogo, maana nyumba yao walikuwa nayo. Walikula wali wao juu ya ile meza ya kukunja, wakapanda kitanda cha juu, wakafungua kidirisha cha dari na kutoa vichwa. Mwenye gereji aliwaruhusu wakae katika kiti cha mbele cha gari la zimamoto, na mwanangu akakaa humo Jumapili yote, akishuka kwa chakula na kwa chooni tu, huku dada yake akiandika jarida la safari, ukurasa mmoja kwa Kijerumani wa kumpa mwalimu na mmoja kwa Kiswahili wa kumpelekea babu yake, yaani yule mjomba wetu wa Ngamiani. Katika ukurasa wa babu aliuchora mpira uliochanika, akaandika kando yake urefu wake, na chini akauliza kama tyubu ya baiskeli ingeweza kuuziba. Swali hilo alilisikia kwangu nilipokuwa nikilalamika, nami nimemwacha alipeleke mwenyewe, kwa kuwa baina ya babu na mjukuu mimi sina la kuamua.

Inshallah Desemba tutakuja nyumbani, na watoto watasafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Tanga. Basi yeyote atakayejitolea kutupokea, namwomba kwa heshima zote awe na pembetatu na tochi garini, tusisafiri usiku, na gari likiharibika awaache wanangu washuke na kusimama mbali na lami, hata kama watu watawacheka. Vizibao nitavileta mimi, na cha mjomba kimo.