Maji Yasiyodaiwa Si ya Bure

Umehamia nyumba mpya. Maji yatoka bombani, mwaka wapita, ankara haijafika. Usishangilie. Dira ya maji haisahau. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Familia itumiayo ndoo 6 kwa siku hufikisha karibu uniti 44 kwa mwaka. Deni hilo likidaiwa kwa mkupuo, karo ya watoto itayumba.

Basi soma dira leo, andika tarakimu na tarehe, upeleke taarifa kwa maandishi ofisi ya maji na kubaki na nakala. Kila mwezi weka fedha kando. Deni likija, omba kulilipa kidogo kidogo. Kunyamaza ni kumbebesha jirani alipaye gharama za maji yako. Dawa ya deni ni kulipa.