Haba na Haba Iliyomshinda Mfalme

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini iko haba moja ambayo haikutosheka na kibaba: ilimaliza maghala ya ufalme mzima, na deni likabaki pale pale.

Kisa hiki kimo katika maandishi ya Ibn Khallikan, aliyefariki Damascus mwaka 1282. Yasemekana Sissa bin Dahir alimtungia mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia achague zawadi. Sissa akaomba ngano: nyumba ya kwanza ya ubao punje moja, ya pili mbili, ya tatu nne, hivyo hivyo maradufu hadi nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi dogo, akakubali bila ya kupiga hesabu.

Hebu tuipige sisi, kwa ubao tuujuao. Bao letu lina mashimo 32, nusu kamili ya nyumba za sataranji. Shimo la kumi litapata punje 512, hata konzi hazijai. Yakijaa mashimo yote, jumla ni punje 4,294,967,295. Tukikadiria punje 25 kwa gramu moja, hizo ni tani 172 hivi. Mfalme angelipa.

Sasa leta bao la pili. Je, deni litazidi mara mbili? La hasha! Jumla inakuwa punje 18,446,744,073,709,551,615, yaani bao la kwanza mara 4,294,967,297. Dunia nzima siku hizi huvuna ngano kiasi cha tani milioni 800 kwa mwaka. Kulilipa deni hilo kungechukua mavuno ya zaidi ya miaka 900.

Mwanachuoni Al-Biruni, karibu na mwaka 1000, alionyesha njia ya mkato. Zidisha 2 kwa yenyewe, upate 4; 4 kwa 4 ni 16; 16 kwa 16 ni 256. Endelea hivyo hadi utimize mara sita, kisha utoe moja. Umefika.

Nambari hii ina siri nyingine. Imeishia na 5, basi yagawika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake, utapata 87, basi yagawika kwa 3 pia. Ukiivunja mpaka mwisho, ni 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417, wala hakuna hata moja iliyorudiwa. Mfaransa Fermat aliamini kuwa ile 4,294,967,297 haigawiki kabisa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Ahadi ni deni. Mfalme yule hakupungukiwa na ukarimu. Alipungukiwa na subira ya kushika kalamu kabla ya kutamka "nimekupa". Na yeyote anayeletewa mkopo unaojizidisha maradufu, akiambiwa mwanzo wake ni mdogo, na alikumbuke bao la pili.