Picha ya Meseji Si Pesa: Uza Mtandaoni Bila Kuchezwa

Tuseme unauza viatu vya mtumba hapa Kware. Asubuhi umetoka Gikomba, ukapiga picha pea 5 na kuziweka kwa status ya WhatsApp. Saa nne, mteja wa Kayole anataka pea moja ya 1,200. Anakutumia picha ya meseji ya malipo: "Nishatuma, mpe boda." Boda yuko mlangoni na ana haraka. Utafanya nini?

Ngoja kwanza. Picha kama hiyo hubadilishwa kwa simu kwa dakika chache tu, na kiatu kikishaondoka, kukirudisha ni kazi.

Fanya hivi:

1. Tafuta meseji kwa simu yako mwenyewe. Ya M-PESA huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida.
2. Angalia salio. Chukua salio la awali, ongeza 1,200. Hesabu ikikubali, umelipwa.
3. Pokea kwa Till au Pochi la Biashara. Pesa ya duka haitachanganyika na ya unga, na jioni utajua umeuza ngapi.
4. Sema mapema: "Malipo yakiingia, mzigo unatoka."

Kumbuka, mteja pia anaogopa kutuma pesa akose kiatu. Mzigo ukitoka, mtumie picha yake na namba ya boda. Ukimtoa wasiwasi leo, kesho ataleta jirani yake.