Gari linalia, lakini nyuma yake kuna nani?

Wiki ya kwanza, kila gari lilipolia naye alishtuka. Ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, na kwa miaka sita alikuwa akiendesha gari kuukuu ambalo likirudi nyuma halisemi kitu. Ukigonga, umegonga. Mwaka huu familia ikatoa bandarini gari jipya, jipya kwa maana inayojulikana mjini: limeshatembea Japani miaka kadhaa, limepanda meli, likafika na viti safi na harufu ya manukato ya watu wengine.

Likafika pia na maneno mengi. Akiwasha tu, sauti ya dada wa Kijapani inatoka kwenye dashibodi kueleza kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, kadi ambayo kazi yake imebaki hukohuko Japani. Watoto wameshaikariri, wanaiigiza wakiwa mezani. Akiingiza gia ya rivasi, bampa la nyuma nalo linaanza: pi, pi, pi. Ukuta ukikaribia, pi-pi-pi-pi. Ukikaribia zaidi, piiiiii mfululizo, naye anakanyaga breki kwa mguu wote, kumbe bado pana nafasi ya kupitisha ndoo ya maji.

Hofu hiyo huwapata wengi na haidumu. Kwenye magari mengi mlio wa mfululizo huanza zikiwa zimebaki takriban sentimita 30, na baada ya wiki mbili tatu sikio hujifunza lenyewe: mlio wa polepole, bado kuna nafasi, wa harakaharaka, jiandae, wa mfululizo, simama. Mama huyo naye alijifunza. Kufikia mwezi wa pili alikuwa anapenyeza gari kati ya mengine mawili pale sokoni, na wale vijana wa "njoo, njoo, kata kulia" wakakosa la kumwelekeza.

Shida ilianza alipozoea.

Ni tangi tu

Uani kwao kulikuwa na tangi la maji kando ya njia ya kutokea getini. Kila asubuhi gari likipita hapo lilikuwa linalia. Siku za mwanzo aligeuka kuangalia. Baadaye akaacha, kwa kuwa alishajua. Gari likilia hapo ni tangi, kama ambavyo yule dada wa Kijapani akisema ni kadi. Sauti zote mbili zikaingia kapu moja.

Jumamosi moja alikuwa anawahi sokoni. Wakubwa wawili walikuwa ndani wakiangalia televisheni. Kitinda mimba, wa miaka miwili na nusu, alikuwa nje na dada wa kazi aliyekuwa akianika nguo. Mama akaingiza rivasi. Gari likaanza kulia, mapema kidogo kuliko kawaida, lakini si kwa namna ya kumshtua mtu mwenye haraka. Akasema moyoni, ni tangi. Akaachia breki.

Kilichomsimamisha ni kiganja cha dada kikigonga bodi ya gari kwa nguvu zote, huku akipiga kelele: "Mama, simama! Mtoto!"

Nyuma ya gari mtoto alikuwa ameinama akiokota vibanio vya nguo vilivyodondoka, amelipa gari mgongo. Kati yake na bampa haikufika hatua moja ya mtu mzima.

Gari lilikuwa limesema. Aliyeacha kusikiliza ni dereva. Siku hiyo sokoni hakwenda. Alikaa kwenye ngazi za baraza amempakata mwanawe mpaka jua likapanda. Baba watoto alipopigiwa simu na kusikia kwamba nusura gari ligonge, swali lake la kwanza lilikuwa kama bampa limepona.

Aliomba radhi baadaye, lakini swali lake halikuwa la ajabu. Vifaa hivi vilibuniwa kwanza kumsaidia dereva kupaki bila kukwaruza gari. Bampa ndilo lililofikiriwa. Mzazi anayeamini kwamba vinamlinda mtoto amevipa kazi ambayo havikuajiriwa.

Mtoto si ukuta

Mafundi huviita sensa, jina ambalo kwa wengi ni la kuhesabiwa na kuulizwa nani alilala humu usiku. Tazama bampa la nyuma utaona vidude vya mviringo, mara nyingi vinne, kila kimoja kama sarafu. Kila kimoja hutoa sauti nyembamba mno, mitetemo 40,000 au zaidi kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Sauti ikigonga kitu inarudi, na gari hupima imechukua muda gani. Kitu kikiwa mita moja nyuma, mwangwi hurudi baada ya sehemu 6 hivi za elfu za sekunde. Popo naye hukwepa ukuta gizani kwa njia hiyohiyo.

Ukuta ni mpana, mgumu, umesimama wima. Unarudisha sauti vizuri. Mtoto ni mdogo, ana mikunjo, na nguo alizovaa hunyonya sauti. Akichuchumaa chini ya usawa wa bampa, sauti inaweza kupita juu yake. Akiwa karibu mno, karibu kuligusa, mwangwi hurudi kabla kidude chenyewe hakijatulia kutetemeka, hivyo gari linaweza kunyamaza kimya kabisa. Nguzo nyembamba, waya wa seng'enge, nondo iliyochomoza na tofali lililolala navyo hukosewa mara nyingi.

Kisha kuna mwendo. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, hupita karibu mita 1.4 kila sekunde. Sensa nyingi huanza kulia kitu kikiwa mita moja na nusu hivi, nyingine mbili. Mtoto anayekimbia kutoka pembeni kufuata mpira anaingia hapo gari likiwa tayari linatembea, na mguu wa dereva una safari yake mpaka kwenye breki.

Kwa maana hiyo kelele inaweza kuzoeleka, na ukimya unaweza kudanganya. Wa pili ndio mbaya zaidi.

Marekani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 2 aitwaye Cameron alifariki baba yake alipokuwa akirudisha gari nyuma nyumbani kwao. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria yenye jina lake. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikadiria kwamba ajali za magari kurudi nyuma huua watu wapatao 210 kwa mwaka, karibu theluthi moja wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Ilipopima vifaa, ikakuta sensa peke yake hazimtambui mtoto kwa uhakika. Ndiyo maana magari madogo yote mapya yanayouzwa huko tangu Mei 2018 lazima yamwonyeshe dereva picha ya eneo la nyuma, yaani kamera. Japani ilianza mwaka 2022, kwa magari ya miundo mipya, na kule inakubalika kamera au sensa. Mengi ya yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam leo yalitengenezwa kabla ya hapo, kwa hiyo mwenye gari atapata kile ambacho mmiliki wa kwanza alichagua.

Kamera nayo isipewe utume. Jua la asubuhi likiipiga usoni, au tope la masika likiifunika, skrini inabaki na ukungu. Sensa pia huchoshwa na tope, mvua kubwa, breki za upepo za malori na ngurumo za bodaboda zilizosimama nyuma yako kwenye foleni. Kitambaa chenye unyevu kila asubuhi kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Bampa likipigwa rangi upya, mwambie fundi asizifunike kwa rangi nzito. Na wanaofunga sensa za dukani kwenye gari lisilokuwa nazo wahakikishe zinakaa takriban nusu mita kutoka ardhini na hazikuinamishwa. Iliyoinama chini italia kwa kokoto, na mwenye gari ataizima kwa hasira ndani ya wiki.

Ndoo, kiti na ufagio

Njia bora ya kulizoea gari jipya ni kulifanyia mtihani, na inatosha nusu saa ya Jumapili. Watoto wote wawe ndani, mlango umefungwa. Gari liwe limewashwa, gia ya rivasi, breki ya mkono imepandishwa na mguu haubanduki kwenye breki. Mtu mzima mwingine asimame pembeni ya gari, si nyuma yake, asogeze vitu kwa mti mrefu: kiti cha plastiki, ndoo, mpira, mfuko uliojazwa nguo, ufagio uliosimamishwa. Achore kwa chaki pale mlio unapoanza na pale unapokuwa wa mfululizo. Mfuko wa nguo huwa na mengi ya kufundisha. Ukisogezwa chini kabisa ya bampa na gari likanyamaza, dereva hahitaji maelezo zaidi.

Baada ya mtihani huo mama wa Tabata na mumewe walibadili utaratibu wa nyumba. Gari haliwashwi kabla watoto hawajahesabiwa: watatu, barazani, wameshikana mikono, wanaonekana kwa macho. Dereva analizunguka gari kwanza, ndipo anaingia. Redio imezimwa, kioo cha mlango kimeshushwa. Jioni anaingia uani kinyumenyume ili asubuhi atoke akiangalia mbele.

Hilo la mwisho lilileta ubishi. Jioni ndipo watoto hukimbia kumpokea mzazi, tena kwa mbio na vifijo, na gari likiingia kwa rivasi wanakutana na bampa. Walikubaliana kwamba anayefika apige honi akiwa nje ya geti, asubiri mpaka dada awashike watoto barazani, ndipo geti lifunguliwe. Mvua ikinyesha utaratibu huo unakera. Kuna siku mama alikaa nje dakika tano na samaki wabichi kwenye buti, kwa sababu wa pili alikuwa chooni na hesabu ilikuwa haijatimia.

Tangi la maji nalo limehamishiwa upande wa jikoni. Ilibidi alipwe fundi bomba na kununua mita kadhaa za bomba jipya, na baba watoto alilalamika kidogo kwa kuwa lile gari tayari lilikuwa limeshamaliza akiba. Lakini sasa pale njiani hakuna kitu cha kulifanya lilie bila sababu. Likilia, mama anavuta breki ya mkono, anashuka, anazunguka nyuma.

Wiki iliyopita alishuka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa baiskeli ya mtoto. Mara ya pili, kuku wa jirani.