Sosi ya Soya Haitaki Haraka

Chupa ya sosi ya soya si kitu kigeni tena katika majiko ya visiwa vyetu. Huitia mpishi katika kuku, huitia katika ngisi, na wali nao hauachwi. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kilichomo chupani kimetengenezwaje. Twaona yafaa tulieleze jambo hili, kwani lina funzo kwa mwananchi aliye jikoni na kwa mtumishi wa Serikali aliye afisini.

Asili ya sosi hii ni China, ambako huitwa jiangyou. Huko, katika karne ya 6, mtaalamu wa kilimo Jia Sixie alikwisha kueleza katika kitabu chake, Qimin Yaoshu, namna ya kuchachusha rojo la soya, ambalo ndilo mzazi wa sosi ya leo. Tangu zama hizo nyumba nyingi za mashamba zimeitengeneza uani, kwa mikono.

Matengenezo yenyewe ni haya. Kilo 1 ya soya huroweshwa usiku kucha, kisha huchemshwa mpaka ipondeke kwa vidole viwili. Ikisha kupoa huchanganywa na nusu kilo ya unga wa ngano uliokaangwa kidogo, pamoja na mbegu ya kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Hutandazwa katika nyungo, ikafunikwa kwa kitambaa, mahali penye joto la kiasi cha nyuzi 30. Baada ya siku mbili tatu kuvu hutanda, rangi yake manjano inayoelekea kijani. Hapo hutiwa katika kasiki ya udongo yenye maji ya chumvi: kilo 1 ya chumvi kwa lita 4 na nusu za maji. Kasiki huanikwa juani, hukorogwa mara kwa mara, na hufunikwa mvua ikija. Baada ya kiasi cha miezi 6 hukamuliwa, huchujwa na kuchemshwa. Kazi kubwa hapo ni ya kuvu, inayovunja protini ya soya na kuifanya ikoleze chakula.

Hapa pana tahadhari kubwa. Kuvu hii ina ndugu yake, Aspergillus flavus, anayefanana nayo hata jicho lishindwe kuzitenganisha, na huyo hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya. Na mwaka 2016 iliua watu 20 Tanzania Bara, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi anayetaka kujitengenezea sosi nyumbani asingoje kuvu ijiotee yenyewe. Anunue mbegu kwa mtengenezaji anayeaminika; na ikiota rangi nyeusi au nyekundu, au ikitoa uvundo, aitupe yote pasipo kuionea huruma.

Ipo pia njia ya mkato. Baadhi ya viwanda huchemsha soya iliyokwisha kukamuliwa mafuta katika tindikali ya hidrokloriki, na kazi ya miezi ikaisha kwa siku chache. Rangi na utamu huongezwa baadaye. Njia hiyo isipoangaliwa vyema huacha kemikali iitwayo 3-MCPD, ambayo wakaguzi wa Uingereza, mwaka 2001, waliikuta kwa wingi katika baadhi ya sosi zilizouzwa nchini mwao. China yenyewe, kwa kanuni yake ya mwaka 2018, imelihifadhi jina la jiangyou kwa ile iliyochachushwa tu.

Hatusemi kwamba kila chupa ya bei nafuu ina madhara. Tusemalo ni kwamba mnunuzi ana haki ya kujua anunuacho. Afisa anayekagua shehena bandarini na adai karatasi ya chupa iseme wazi, kwa lugha ifahamikayo, kama sosi imechachushwa au imevunjwa kwa tindikali. Na mwananchi naye asome kabla ya kulipa. Njia ya mwongo ni fupi, na katika chakula ufupi huo hulipwa na mlaji.