Beseni la maji moto likivuja, usikimbilie kuvunja zege

FUNDI asiye na subira, akiitwa kukagua beseni la maji moto la zege lililoinuliwa kando ya bwawa la kuogelea, huanza na patasi. Haraka hiyo ni gharama kwa mwenye nyumba.

Kwanza zima pampu usiku kucha. Maji yakishuka hadi usawa wa yale ya bwawa na kutulia, yaelekea zege ni zima. Kilichochoka ni valvu ya kuzuia maji kurudi bwawani, na kuibadilisha si kazi kubwa.

Yakishuka zaidi, tazama yanapokomea. Aghalabu tatizo liko usawa huo: kwenye taa, mdomo wa bomba au ufa. Dondosha rangi ya chakula hapo, maji yakiwa yametulia. Ikivutwa ndani, ndipo. Ufa hupanuliwa kwa patasi, husafishwa, kisha huzibwa kwa saruji inayoganda hata majini.